Likizo ya Kwanza Ng'ambo ya Mto Kagera

Watu wengi wa vijijini hudhani kwamba likizo katika nchi ya kigeni ni jambo la matajiri tu. Mkulima akipumzika, hupumzika chini ya mgomba wake. Na akisafiri, husafiri kwa sababu ya msiba, arusi, au hospitali. Sisi nasi tulifikiri hivyo kwa miaka mingi. Lakini wilaya yetu ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na mtu anayekaa Benaco aweza kupanda pikipiki asubuhi akafika daraja la Rusumo kabla jua halijawa kali. Nchi ya kigeni iko karibu nasi kuliko Bukoba, makao makuu ya mkoa wetu wenyewe.

Basi mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, tulivuka. Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi, na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 9. Kwa siku saba tulitembea katika vilima vya Rwanda, na siku sita kati ya hizo tulikuwa na motokaa ya kukodi. Mimi ni karani wa parokia, wala si mtu wa fedha. Naandika habari hizi ili familia nyingine zijue jinsi safari ya namna hii inavyopangwa, na ni mambo gani yafaa kuangaliwa kabla ya kutoka nyumbani.

Kila mtu na haja yake

Jambo la kwanza katika kupanga safari ni kuulizana: tunakwenda kutafuta nini? Tulikaa jioni moja, kila mtu akasema. Watoto walitaka kuona ziwa Kivu. Mke wangu alitaka kuona miji ambayo watu husifu usafi wake. Mimi nilitaka kuona nyumba ya wafalme pale Nyanza, kwa kuwa nilisoma habari zake chuoni nilipokuwa najifunza ualimu.

Mama alinyamaza mpaka sote tukamaliza. Kisha akasema, "Mimi sina haja na ziwa. Nataka kujua kama mama wa mwanangu wa ubatizo yu hai."

Hapo yanipasa kueleza. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilayani kwetu. Huko kwao mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yakiendelea, na vita pia. Watu waliovuka wengi walikuwa Wahutu wakikimbia majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele. Wengi wao wanyonge, wanawake na watoto. Na katikati yao walijificha pia watu waliokuwa na damu mikononi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa katika siku chache. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini wazee wetu wakumbuka jinsi kuni zilivyokwisha na visima vilivyokauka.

Katika watu hao alikuwamo mwanamke mmoja mjamzito. Alikuwa akija kulima shambani kwetu kwa kupewa ndizi na maharage. Mtoto wake alizaliwa huku, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1995, na mama yangu akawa msimamizi wake. Mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi waliamriwa kurudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka, na yule mwanamke akaenda pamoja na wengine, mtoto mgongoni. Tangu siku ile mama hakupata neno lake.

Usiku ule mke wangu aliniuliza tukiwa peke yetu, maana si adabu kumwuliza mkwe wake neno kama hilo: "Je, tukimkuta, na tukasikia kwa majirani kwamba alitenda mabaya kabla ya kuvuka, mama atalichukuaje?" Swali lile lilikuwa la haki. Nililichukua mpaka kwa mama asubuhi yake, kwa maneno ya upole. Mama aliendelea kumenya ndizi, akasema, "Nilimpa maji kabla sijamwuliza jina lake. Nitamsalimu kwanza. Mengine atasema mwenyewe, kama yapo."

Hivyo safari yetu ikawa na mambo mawili, pumziko na utafutaji. Nilifungua kitabu cha ubatizo cha mwaka 1995, nikaona jina la mtoto, jina la mama yake, na jina la kilima chao katika wilaya ya Kirehe. Paroko alinipa ruhusa ya kuandika barua yenye mhuri kwa parokia ya upande wa pili, nasi tukaituma kwa simu, kwa picha. Baada ya wiki tatu karani mwenzangu wa huko alijibu kwa maneno machache: mama huyo yupo, anakaa kilimani kwake na binti yake, na anasema njooni.

Karatasi

Mwananchi wa Tanzania hahitaji viza kuingia Rwanda, kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini asidhani kwamba atavuka mikono mitupu. Pasipoti ya Tanzania yagharimu shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi. Kwa familia ya watu watano hizo ni fedha nyingi. Idara ya Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya safari, yenye ada ndogo zaidi, inayotumika kwa muda mfupi kwenda nchi za jirani. Mimi na mke wangu tulikata pasipoti. Mama na watoto walikwenda kwa hati.

Kwa pasipoti na kwa hati utatakiwa kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na kwa watoto vyeti vyao vya kuzaliwa pamoja na kibali cha wazazi. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa hawakukitafuta mpaka siku ya haja. Kitafuteni leo, hata kama hamsafiri. Pia ulizeni kituo cha afya juu ya chanjo ya homa ya manjano, maana amri za mipakani hubadilika mara kwa mara magonjwa yanapotokea.

Fedha za Rwanda ni faranga. Badilisheni katika benki au duka lenye leseni. Kijana anayekuita pembeni mwa barabara na kitita mkononi mwepukeni.

Motokaa: ya kwetu au ya kwao?

Jambo hili lilitupa mawazo kuliko yote. Huku kwetu twaendesha upande wa kushoto wa barabara. Rwanda huendesha upande wa kulia. Sababu yake ni ya kihistoria. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zote zilikuwa chini ya Wajerumani. Wabelgiji waliingia Rwanda mwaka 1916 na baada ya vita wakaachiwa Rwanda na Burundi. Waingereza wakapewa Tanganyika. Kila mmoja alileta desturi ya barabara za kwao. Mto Kagera ukawa mpaka wa mikono miwili, na hata leo madereva hubadilisha upande pale Rusumo.

Mtu aweza kukodi gari huku Tanzania na kuvuka nalo. Atahitaji barua ya mwenye gari inayomruhusu kulitoa nje ya nchi, kadi ya gari, bima inayotambulika ng'ambo, ile iitwayo kadi ya njano ya COMESA, na karatasi ya forodha ya kuliingiza kwa muda. Lakini usukani wa gari letu uko kulia. Ukiendesha upande wa kulia wa barabara na usukani ukiwa kulia, huoni mbele ya lori unalotaka kulipita. Yakupasa kumtegemea aliyekaa kando yako akuambie kama njia ni nyeupe. Katika nchi ya kona na milima, hiyo ni hatari.

Kwa hiyo tuliamua kuvuka kwa miguu, kupanda basi mpaka Kigali, na kukodi huko gari lenye usukani wa kushoto. Zaidi ya hayo tulipatana na mwenye gari kwamba siku ya mwisho mtu wake aje kulipokea Rusumo, nasi tukalipa nyongeza kwa ajili hiyo.

Anayekodi gari kwa mara ya kwanza na aangalie mambo haya:

Kwanza, mkataba uwe wa maandishi, wenye idadi ya siku, saa ya kurudisha, na kama kuna kipimo cha kilomita kwa siku.

Pili, auulize leseni yake ya Tanzania inakubaliwaje, na jibu liandikwe. Neno la mdomo halimsaidii mtu mbele ya askari.

Tatu, aulize bima inalipa nini na hailipi nini. Mara nyingi hata bima kubwa humwachia mkodi sehemu fulani ya hasara. Ajue ni kiasi gani kabla ya kutia sahihi.

Nne, amana. Mwenye gari hushika fedha za amana. Iandikwe ni kiasi gani na itarudishwa lini.

Tano, azunguke gari pamoja na mwenyewe, apige picha kila mkwaruzo kwa simu, afungue nyuma aone tairi la akiba, jeki na spana. Gari la kwanza tulilopewa halikuwa na jeki. Tulikataa kuondoka mpaka ikaletwa, na siku ya nne tulishukuru kwa kukataa kwetu.

Juu ya kuendesha kwenyewe nitasema haya. Mimi huendesha gari la parokia mara kwa mara, lakini saa ya kwanza nilimwomba mtu wa mwenye gari akae kando yangu. Kwenye mzunguko wa barabara sisi twazunguka kama mshale wa saa. Wao huzunguka kinyume. Kijiti cha taa za kona kiko mkono mwingine, na mgeni anapotaka kuonyesha kona, huona vifuta maji vinafuta kioo kikavu. Watoto nao wafundishwe: wakivuka barabara, watazame kushoto kwanza. Kamera za barabarani ni nyingi na mwendo ulioruhusiwa ni mdogo. Lakini hilo halikutusumbua, maana anayekwenda kuona nchi hana haja ya kukimbia.

Na msisahau saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Mkiondoka Benaco saa mbili asubuhi, ng'ambo ya daraja ni saa moja tu.

Darajani

Daraja la sasa la Rusumo ni pana, na ofisi za nchi mbili ziko pamoja, hivyo msafiri hapangi foleni mara mbili kama zamani. Simameni kidogo mtazame maporomoko. Mto Kagera hubanwa kati ya miamba na kushuka kwa kishindo, maji yake mekundu kwa udongo. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, aliingia Rwanda kwa njia hii. Ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa vita vya Maji Maji. Leo maji hayohayo yanazungusha mitambo ya umeme ya megawati 80, nao hugawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Mama alishika ukingo wa daraja akatazama chini kwa muda mrefu. Mwaka 1994 maiti zilikuwa zikishuka na mto huu, zikaenda hata ziwa Victoria. Hakusema neno, nasi hatukumharakisha.

Kigali na barabara ya Kusini

Kutoka Rusumo mpaka Kigali ni kama kilomita 160. Kwanza ni nyanda za Kirehe, kisha migomba ya Ngoma, kisha Kayonza na Rwamagana, halafu milima yazidi kukaribiana. Mtu wa Ngara hajisikii mgeni sana. Kihangaza chetu ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mama alizungumza na abiria tangu mpakani mpaka mjini. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na sokoni hutakosa anayekijua. Lakini jifunzeni salamu. "Mwaramutse" asubuhi, "muraho" kwa mtu ambaye hamjaonana siku nyingi, na "murakoze" kwa kushukuru, hufungua milango mingi.

Usafi wa Kigali si maneno tu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, miaka 11 kabla yetu. Pikipiki hubeba abiria mmoja tu, naye huvaa kofia ngumu. Mke wangu alisema kama vijana wa bodaboda wa kwetu wangeyashika hayo mawili, wodi ya mifupa ingepata nafasi.

Jumanne asubuhi, kabla ya kuchukua gari, tulikwenda Gisozi. Huko ni mahali pa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, na watu zaidi ya 250,000 wamezikwa hapo. Si mahali pa watoto wadogo. Mke wangu alibaki nao bustanini, nami nikaingia na mama. Kuna chumba cha picha za watoto waliouawa, na chini ya picha imeandikwa kile kila mtoto alichokuwa akipenda kula au kucheza. Mama hajui kusoma Kiingereza wala Kifaransa. Nilimsomea chache, akaniambia inatosha. Wageni wa Rwanda na waelewe jambo hili: mtu haulizwi kabila lake. Ni utovu wa adabu, na ni kutonesha kidonda.

Jumatano tulishika barabara ya Kusini, tukapita Muhanga na kanisa kubwa la matofali la Kabgayi, tukafika Nyanza. Huko wamejenga upya nyumba ya kifalme ya zamani, ya msonge, iliyoezekwa kwa nyasi kwa ufundi mkubwa sana, na jirani yake ipo nyumba ya kisasa ya mwaka 1932 ya mfalme Mutara III Rudahigwa. Nyuma ya msonge wapo ng'ombe waitwao inyambo, wenye pembe ndefu kupita kimo cha mtoto, na mchungaji wao huwaimbia mashairi ya sifa. Kwetu pia tuna ng'ombe wa pembe ndefu. Lakini mwanangu mdogo aliuliza kwa nini wa kwetu hatuwaimbii, nami sikuwa na jibu.

Tulilala Muhanga katika nyumba ya wageni ya masista. Kwa familia, nyumba kama hizo ni salama na safi, na bei yake ni ya kuhimilika. Pigeni simu mapema.

Ziwa la watoto

Kutoka Muhanga barabara hupanda na kushuka kwa kona nyingi mpaka Karongi, mji ulioitwa Kibuye zamani. Hapa dereva awe macho. Watu wa Rwanda hutembea sana kwa miguu, na kando ya barabara huoni mahali patupu: watoto wa shule, akina mama na madumu ya maji, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, na vijana wanaoshika nyuma ya lori ili kupandishwa mlima.

Ndipo hapo tairi la nyuma lilipopasuka. Kabla sijashusha jeki, wanaume watatu walikuwa wameacha majembe shambani. Mmoja aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, wa pili akalegeza nati, wa tatu akasimama kwenye kona kuashiria magari. Tulipotaka kuwapa chochote walikataa, wakaomba tu tuwaambie Ngara kahawa inanunuliwa bei gani.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake ni karibu mita 480. Ndani ya maji ya chini mna gesi nyingi ya methani, na pale Karongi wanaivuta kuzalisha umeme. Jioni tuliona wavuvi wakitoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, yenye miti mirefu ya kushikia nyavu mbele na nyuma, huku wakiimba kwa kupokezana makasia. Huvua usiku kwa taa. Samaki wao mdogo aitwa isambaza. Watoto walipoletewa sahani walisema, "Hawa ni dagaa!" Na ni kweli, ni dagaa wa ziwa Tanganyika, waliopelekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwa ziwa hilo lilikuwa na samaki wachache.

Tulilala siku moja tu. Watoto wangependa mbili. Lakini siku ya pili ilikuwa ya bibi yao, nao walikubali bila kunung'unika.

Kilimani

Ijumaa tulirudi kupitia Kigali tukalala Ngoma. Sababu ya kulala Ngoma ni hii: kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi Rwanda nzima hufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tangu saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Maduka hufungwa na magari hayatembei ovyo. Mgeni asiyejua huweza kukaa barabarani saa tatu. Sisi tuliipanga siku hiyo kwa makusudi, tukafika kilimani saa moja asubuhi.

Yule mama alikuwa amesimama nje ya nyumba yake na jembe begani. Mama yangu alishuka garini, wakatazamana. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walishikana mikono, wakashikana mabega, kisha mwenyeji akasema, "Wifi, kazi inaanza," akampa jembe la pili. Basi likizo yetu ikawa ya kulima. Tulichimba mfereji wa kuzuia mmomonyoko pamoja na kilima kizima.

Mchana, baada ya kula ugali wa muhogo na maharage, yule mama alisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Kule Benaco hakuwahi kumtaja mumewe, nasi tulidhani alikufa vitani. Sivyo. Mumewe alikuwa miongoni mwa wauaji. Alirudi, akahukumiwa na gacaca, ile mahakama ya wananchi iliyofungwa mwaka 2012, akafia gerezani. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya majirani akasema aliyoyaona, hata yaliyomhukumu mumewe. "Kwenu nilinyamaza," alimwambia mama, "kwa kuwa niliogopa mngeniondolea mtoto godfadha na godmadha wake." Kisha akatuonyesha kwa kidole mwanamke tuliyechimba naye mfereji asubuhi. Yule alipoteza watoto wanne.

Mama alikaa kimya. Halafu akasema, "Mtoto yuko wapi?"

Binti alikuja kutoka jikoni, mwenye miaka thelathini sasa, na watoto wake watatu nyuma yake. Alipiga magoti kumsalimu msimamizi wake. Nami nikatoa bahasha niliyokuja nayo: cheti chake cha ubatizo kilichonakiliwa katika kitabu chetu. Alifunga ndoa kanisani miaka kadhaa iliyopita kwa ushahidi wa mama yake tu, kama inavyoruhusiwa, bila karatasi yoyote. Alikisoma jina lake, jina la mama yake na jina la mama yangu, akakitia katika kanga.

Jumapili tulisali nao, na karani mwenzangu alinipa taarifa ya ndoa yake ili iandikwe kwetu, maana sheria yadai ndoa iandikwe pembeni mwa jina katika kitabu cha ubatizo. Mahali hapo palikuwa patupu tangu mwaka 1995. Sasa pameandikwa.

Hesabu

Mwisho nitasema juu ya fedha, kwa kuwa najua kila msomaji anauliza. Tuliweka akiba miaka miwili: fedha za kahawa, nguruwe wawili, na ushonaji wa mke wangu. Gari pamoja na petroli ndiyo iliyokula sehemu kubwa kuliko yote, karibu nusu. Karatasi za safari zikafuata, kisha malazi. Chakula kilitugharimu kidogo, kwa kuwa tulibeba karanga, mkate na chupa ya chai, tukinunua ndizi na maparachichi njiani. Tuliweka pia fungu la kumi lisiloguswa kwa ajili ya dharura, na tairi lililopasuka likatoka humo.

Familia isiyoweza kukodi gari isikate tamaa. Mabasi ya Rwanda huenda kwa saa zake, na mtu aweza kufika Nyanza na Karongi kwa basi vizuri kabisa. Faida ya gari ni kwamba unasimama unapotaka, na wazee hawachoki, na kilima kisicho na basi unakifikia.

Yafaa basi mjiulize kila mmoja anatafuta nini, karatasi zishughulikiwe mapema, kila mapatano yaandikwe, na jeki ipimwe. Na kama mlango wa jirani uko karibu kuliko mji wenu wenyewe, msiogope kuubisha. Binti wa ubatizo wa mama ameahidi kuja Desemba na watoto wake, na mama ameanza kufuga kuku.